UZI: Kudungua kombora likiwa nje ya angahewa. Linagongwaje, na hukosewa wapi?

#1 RadaMbaraki

Kwenye uzi wa Iran na Israeli watu wamerushiana maneno mpaka ufundi ukapotea. Huu ni wa ufundi peke yake. Siasa ibaki kule kule.

Kombora la balistiki la masafa marefu husukumwa na injini zake dakika 3 hadi 5 tu. Injini zikishazima, linakwenda karibu kilomita 7 kwa sekunde na halijisukumi tena. Kuanzia hapo linatawaliwa na uvutano wa dunia, kwa hiyo ukipima vizuri lilipo na kasi yake, unaweza kukokotoa litaangukia wapi. Kwa safari ya kilomita 10,000 kilele chake hufika kama kilomita 1,200 juu. Mombasa hadi Kigali kwa mstari ulionyooka ni kilomita 1,100 hivi. Chukua umbali huo uusimamishe wima. Safari nzima ni nusu saa, na dakika 20 hivi kati ya hizo ziko nje ya hewa. Ndiyo maana wahandisi wakapapenda hapo katikati: muda upo na njia inatabirika.

Mifumo iliyopo: Marekani ina GMD, makombora 44 ya kudungua yaliyo mashimoni ardhini, 40 Fort Greely kule Alaska na 4 Vandenberg, California. Meli zao za kivita zenye mfumo wa Aegis hubeba kombora la kudungua la SM-3, ambalo pia imewekwa nchi kavu Deveselu, Romania, na Redzikowo, Poland. Israeli ina Arrow 3, iliyoanza kazi 2017. THAAD, nayo ya Marekani, hufanya kazi mpakani mwa angahewa, kuanzia kimo cha kilomita 40 hadi 150. Yote haya hugonga tu, hayana baruti. Urusi inalinda Moscow kwa mfumo wa A-135, nao ulijengwa kwa vichwa vya nyuklia.

#2 MtuWaLikoni

Wakuu, swali la mwanafunzi. Kwa nini wahangaike kugonga kichwa cha kombora cha mita mbili badala ya kulipua bomu karibu nacho? Mbona ndege hudunguliwa hivyo?

#3 Maalim_Fizikia

Walianza hivyo, tena kwa bomu kubwa. Kombora la Spartan la Marekani lilibeba kichwa cha nyuklia cha megatani 5, kilichokusudiwa kulipuka nje ya angahewa. Mfumo wake, Safeguard, ulianza kazi North Dakota mwaka 1975 na ukafungwa mwanzoni mwa 1976. Ubaya wa njia hiyo ulikuwa umeonekana zamani. Tarehe 9 Julai 1962, jaribio la Starfish Prime lililipua megatani 1.4 kwenye kimo cha kilomita 400 juu ya Pasifiki, na Hawaii, iliyo kilomita 1,400 hivi kutoka hapo, baadhi ya taa za barabarani zikazimika. Mnururisho uliobaki huko juu ukaharibu setilaiti kadhaa, Telstar 1 na Ariel 1 ya Uingereza zikiwemo. Isitoshe, mlipuko wa namna hiyo huchaji hewa ya juu umeme, ukaipofusha rada yako mwenyewe wakati unapoihitaji zaidi.

Baruti ya kawaida nayo haina faida. Ndege huumizwa na wimbi la mshindo na vipande. Huko juu hakuna hewa ya kubeba mshindo. Tena kwa kasi hizo baruti ni mzigo wa bure. Piga hesabu: nishati ya mwendo ni nusu ya uzito mara kasi mraba. Vitu viwili vikikaribiana kwa kilomita 10 kwa sekunde, kila kilo ina megajuli 50. Kilo ya TNT ina 4.2. Kwa hiyo kilo ya kitu chochote ina nguvu mara 12 ya kilo ya TNT. Chombo cha kugonga cha GMD kina kama kilo 64, yaani kinapiga sawa na kilo 760 za TNT na hakijabeba baruti hata gramu.

Mara ya kwanza kugonga hivyo nje ya hewa ilikuwa 10 Juni 1984, kwenye mradi wa Marekani ulioitwa HOE. Majaribio matatu ya awali yalikosa. Hawakujiamini, kwa hiyo chombo kilifungua mbavu za chuma zenye upana wa mita 4 hivi kabla ya kukutana, ili kama mwili utakosa, ubavu upate. Vyombo vya leo havina mbavu hizo.

#4 RadaMbaraki

Mlolongo wa kazi, kwa ufupi:

Setilaiti za infraredi, yaani zinazoona mwanga wa joto usioonekana kwa macho, zilizo kilomita 36,000 juu ya ikweta huona moto wa injini. Hizo hukwambia kuna kombora na linaelekea wapi takriban. Injini zikizima, moto umekwisha, na kazi inahamia kwa rada.

Rada za tahadhari hutumia mawimbi marefu, karibu sentimita 70. Zinaona mbali lakini hazioni vizuri. Baadaye hupokelewa na rada za bendi ya X, wimbi la sentimita 3, mfano AN/TPY-2 au ile SBX iliyojengwa juu ya jukwaa linaloelea baharini. Uwezo wa rada kutenganisha vitu viwili vilivyofuatana unategemea upana wa masafa ya mawimbi inayotumia (bandwidth): kasi ya mwanga gawanya kwa mara mbili ya upana huo. Ukiwa na gigahezi 1 unatenganisha vitu vilivyoachana kwa sentimita 15. Hapo unaanza kuona umbo, ncha na mkia, na kama kitu kinayumba au kinazunguka sawasawa.

Kikwazo ambacho wengi hawakitaji ni mviringo wa dunia. Weka rada Nyali, Mombasa, uitazamishe mashariki. Kitu kilicho kilomita 300 juu utakiona kikiwa umbali wa kilomita 1,950, kupita Mahé ya Ushelisheli kidogo. Kikiwa kilomita 10 juu, hukioni mpaka kifike 360 hivi. Ndiyo sababu rada hizi hupelekwa mbele karibu na adui au kwenye meli. Nguvu ya umeme haiondoi mviringo.

Rada ikishapata njia, kompyuta inakokotoa mahali pa kukutana, kombora la kudungua linarushwa, hatua za injini zinadondoka moja moja, kisha chombo cha kugonga kinaachiwa peke yake. Ardhini wanaendelea kukitumia marekebisho kwa redio. Dakika za mwisho kinafungua jicho lake la infraredi, kinachagua shabaha chenyewe, na kuanzia hapo hakuna mtu anayekiendesha.

#5 MtuWaLikoni

Kumbe yote ni saa! Kwa kilomita 10 kwa sekunde, kosa la milisekunde moja ni mita 10. Umekosa kichwa kizima.

#6 Nahodha_Mtongwe

Hapana yakhe, sivyo. Uliza nahodha yeyote anayeingia Kilindini: ukiona meli nyingine, ukaipima kwa dira mara mbili tatu, na upande wake haubadiliki huku umbali unapungua, mnagongana. Huhitaji kujua saa ya kugongana. Sisi tunageuza usukani ili pembe ibadilike. Chombo hiki kinafanya kinyume: kila pembe ikitaka kubadilika kinajisukuma pembeni mpaka itulie.

#7 Maalim_Fizikia

Nahodha amemaliza. Ukishakuwa kwenye njia ya kugongana, kosa la muda kwenye mstari wa kukaribiana halikudhuru, litakugongesha mapema au kwa kuchelewa kidogo tu. Linalodhuru ni kosa la pembeni, na hilo linatakiwa liwe chini ya nusu mita hivi.

#8 FundiChangamwe

Basi tuingie kwenye chombo chenyewe, maana hapo ndipo penye kazi.

Jicho. Kichwa cha kombora chenye joto la kawaida, kelvini 300, hung'aa zaidi kwenye wimbi la mikromita 10 hivi. Jicho la kuona mwanga huo lazima nalo lipozwe, karibu kelvini 80 au chini, yaani nyuzi 190 na zaidi chini ya sifuri. La sivyo litajiona lenyewe. Tuseme lina pikseli 256 kwa 256 na linatazama upana wa nyuzi 1. Kila pikseli inafunika mikroradiani 68 (kipimo cha pembe ndogo sana). Kwenye umbali wa kilomita 300, pikseli moja ni mita 20. Kichwa cha mita 2 ni nukta, basi. Kinaanza kujaza pikseli moja kikiwa umbali wa kilomita 29, na hapo zimebaki sekunde 3. Kwa hiyo wanaodhani chombo kinaona picha ya kombora kisha kinaamua, hapana. Kwa karibu safari yote kinaona nukta zinazotofautiana mng'ao, na uamuzi ufanywe kwa hizo.

Misukumo. Kuna injini nne ndogo zilizopangwa msalaba kwenye kitovu cha uzito, kwa ajili ya kujisogeza pembeni, na nyingine ndogo zaidi za kugeuza uso. Zile nne zisipokuwa kwenye kitovu hasa, kila msukumo unakigeuza chombo na jicho linapoteza shabaha. Na kadiri mafuta yanavyoisha kitovu kinahama, kwa hiyo tangi hupangwa ili zihamishe uzito kwa usawa.

Sasa hesabu inayotawala kila kitu. Tuseme chombo kinaona kwamba kikiendelea hivi kitapita pembeni kwa kilomita 5. Zikibaki sekunde 60, kinahitaji kujiongezea mita 83 kwa sekunde upande. Zikibaki 10, mita 500 kwa sekunde. Kwa mafuta ya kimiminika yenye msukumo mahususi (kipimo cha ubora wa mafuta ya roketi) wa sekunde 300, la kwanza linakula asilimia 3 ya uzito, kilo 2 hivi. La pili linakula asilimia 16, kilo 10. Kuchelewa kuchagua shabaha unakulipia kwa mafuta, na tangi haliwezi kukuzwa bila kulifanya kombora zima kuwa kubwa.

SM-3 hutumia mafuta magumu badala ya kimiminika, kwa sababu manowari haipendi kemikali za sumu zinazowaka zikikutana tu. Tatizo la mafuta magumu ni kwamba yakiwashwa hayazimiki kirahisi, kwa hiyo unadhibiti gesi ya moto kwa vali. Juni 2003 jaribio la FM-5 lilikosa kwa sababu ya vali hizo.

#9 BintiKizingo

Fundi, tupe na makosa mengine. Watu hudhani wanakosa kwa sababu fizikia ni ngumu, kumbe mara nyingi ni vitu vidogo.

#10 FundiChangamwe

Kweli Bi. Nachukua ya Marekani kwa kuwa yametangazwa wazi, tuanze na GMD.

Januari 2000, mrija wa kupozea jicho uliziba. Jicho likapata joto, chombo kikapofuka sekunde chache za mwisho. Julai mwaka huo huo, chombo hakikuachana na injini yake. Desemba 2002, tena hakikuachana.

Desemba 2004, kosa dogo la programu: kompyuta iliona ujumbe wa ndani umechelewa kuliko kiwango ilichowekewa, ikazuia kurusha. Februari 2005, mkono wa chuma unaoshikilia kombora shimoni haukukunjika, kompyuta ikazuia tena. Hiyo ilikuwa Kwajalein, kisiwa cha matumbawe katikati ya bahari. Watu wa pwani hatuhitaji kuambiwa chumvi inafanya nini kwenye bawaba.

Desemba 2010 ndiyo ninayoiona ya maana kuliko zote. Injini za pembeni zilikuwa zikitikisa chombo kwa mtikisiko wa kasi sana, na kipima mwendo kilichokuwa ndani kikasoma mtikisiko ule kama mwendo. Ardhini hukuti kosa hili kwa urahisi, maana chombo kimefungwa kwenye meza na hakuna hali ya kukosa uzito. Walitengeneza kitako kipya cha kukikinga kipima mwendo, wakakijaribu bila shabaha Januari 2013, na hawakugonga tena mpaka Juni 2014. Katikati yake, Julai 2013, betri ilivuja, volti ikayumba, kompyuta ikazima, na kwa mara nyingine chombo hakikuachana na injini.

SM-3 nayo: Juni 2017, opereta kwenye meli alikitia kombora-shabaha alama ya "rafiki" kwa makosa, na SM-3 ikajiharibu angani kama ilivyoagizwa. Mfumo ulifanya kazi yake barabara! Januari 2018 ni kiwashio cha hatua ya tatu.

Angalia orodha: mrija, bawaba, betri, kiwashio, kidole cha mtu. Hesabu za kugongana hazimo.

#11 MtuWaLikoni

Kwa hiyo vikikaguliwa hivyo vidogo, kazi imekwisha?

#12 BintiKizingo

La. Hapo umetatua kugonga. Hujatatua kujua ugonge nini, na kwa maoni yangu hili halijatatuliwa mpaka leo.

Nje ya hewa hakuna kinachopunguza mwendo. Puto la plastiki lenye ngozi ya alumini, lisilofika hata kilo moja, linakwenda sambamba na kichwa cha mamia ya kilo, kasi ile ile na njia ile ile. Rada inaona mwangwi unaofanana. Kombora moja linaweza kuachia maputo kadhaa, pamoja na takataka zake lenyewe: kifuniko, boliti, ganda la injini ya mwisho, vipande vya mafuta yasiyoungua. Mjanja zaidi hukiweka kichwa chenyewe ndani ya puto, kisha asijaribu tena kuifanya bandia ifanane na halisi. Anaifanya halisi ifanane na bandia. Si nadharia: Uingereza ilitumia miaka na fedha nyingi kwenye mradi wa Chevaline, ulioanza kazi 1982, hasa ili makombora yao ya Polaris yapenye kinga ya Moscow kwa vichwa bandia.

Njia za kutofautisha zipo. Puto jepesi hupata na kupoteza joto haraka, hasa likitoka juani kuingia kivulini. Kitu chepesi huyumba tofauti. Jicho lenye rangi mbili za infraredi linaweza kupima joto bila kujua ukubwa wa kitu. Lakini kila dalili ina jibu lake: kijipasha-joto cha betri ndani ya puto, na joto halikwambii kitu tena.

Kichujio cha uhakika ni hewa. Chini ya kilomita 100 maputo yanaanza kubaki nyuma. Ndiyo faida ya THAAD kungoja chini. Gharama yake ni kwamba imebaki chini ya dakika moja, na unalinda eneo dogo.

Jaribio la Machi 2019 lilijaribu upande mwingine: makombora mawili kwa shabaha moja. La kwanza liligonga, la pili likatazama vipande vilivyobaki, likachagua kilichoonekana cha hatari zaidi, likakigonga. Lilikuwa jaribio zuri. Ila anayepanga jaribio anajua mapema shabaha itafananaje, na adui hatakupa taarifa hiyo.

#13 Nahodha_Mtongwe

Na hesabu ya idadi je? 44 ni mengi au machache?

#14 Maalim_Fizikia

Majaribio ya GMD tangu 1999 yamefaulu kidogo zaidi ya nusu. Chukua asilimia 55. Ukirusha manne kwa shabaha moja, uwezekano wa kukosa yote ni 0.45 × 0.45 × 0.45 × 0.45, asilimia 4, kwa hiyo unapata karibu 96. Vizuri. Lakini 44 gawanya kwa 4 ni shabaha 11, umemaliza ghala.

Tena hiyo 96 ina dhana iliyofichika: kwamba kila kosa linajitegemea. Kama kosa ni kipima mwendo kinachotikisika, kiko kwenye vyombo vyote vya toleo hilo. Kama ni puto lililodanganya jicho la kwanza, litadanganya na la nne. Makombora manne yenye kasoro moja ni sawa na kombora moja.

Kwa makombora ya masafa ya kati picha ni bora zaidi. Arrow 3 ilidungua kombora kutoka Yemen Novemba 2023, na Aprili 2024 meli za Marekani zilitumia SM-3 vitani kwa mara ya kwanza, dhidi ya makombora ya Iran. Hapo kinachouma ni ghala. SM-3 ya toleo la IIA, iliyotengenezwa na Marekani na Japani, inapita dola milioni 20 kwa moja, na viwanda havitoi kwa wingi.

#15 BintiKizingo

Kuna atakayesema: basi tuweke vidunguzi kwenye obiti, tuligonge kombora injini zikiwaka, kabla halijamwaga maputo. Amri ya Trump ya Januari 2025, iliyozaa Golden Dome, mpango wao wa kinga ya makombora, inataka hivyo. Fanyeni hesabu. Toa muda wa kugundua na kuamua, baki na sekunde 120. Kidunguzi kikienda kilomita 4 kwa sekunde, kinafika kilomita 480. Zungusha hadi 500: kila kimoja kinalinda duara la kilomita za mraba 785,000. Uso wa dunia ni milioni 510. Unahitaji kama 650 ili kimoja tu kiwe karibu na mahali popote, bila kuhesabu kwamba maduara lazima yapishane. Adui akirusha 10 kwa pamoja, zidisha. Setilaiti haisimami juu ya mtu. Inazunguka kwa dakika 90 hivi, na kila mzunguko dunia imegeuka chini yake kilomita 2,500 kwenye ikweta. Ukichagua obiti zinazojazana juu ya latitudo za kaskazini, huku kwetu nyuzi 4 kusini zitapita chache. Sisi hatumo kwenye ramani hiyo, na sidhani kuna anayelalamika.

#16 MtuWaLikoni

Na kituo cha Ngomeni, Malindi? Si kina antena kubwa? Hakiwezi kuona makombora?

#17 RadaMbaraki

Kituo hicho, cha Luigi Broglio, kiliwahi kurusha setilaiti kutoka jukwaa la San Marco, kwa roketi za Scout, kati ya 1967 na 1988. Setilaiti ya Uhuru ilirushwa hapo 12 Desemba 1970. Antena zake ni za kuzungumza na setilaiti, yaani zinasikiliza chombo kinachotuma ishara. Kombora halitumi chochote kwa ajili yako. Kuliona kunahitaji rada inayomwaga nguvu na kupokea mwangwi dhaifu. Kazi mbili tofauti.

#18 Nahodha_Mtongwe

Vipande baada ya kugongana huangukia wapi? Visibaki juu vikatoboa setilaiti zetu.

#19 Maalim_Fizikia

Kombora halina kasi ya obiti, kwa hiyo sehemu kubwa ya vipande hufuata njia ile ile na kurudi chini ndani ya dakika, vidogo vikiungua. Setilaiti ni jambo jingine. Februari 2008, USS Lake Erie ilirusha SM-3 kwa setilaiti mbovu ya USA-193 ikiwa kimo cha kilomita 247 tu. Vipande vingi vilishuka haraka kwa kuwa hewa nyembamba ya hapo iliviburuta. China ilipogonga setilaiti yake Januari 2007 kwenye kilomita 865, vipande zaidi ya 3,000 vinavyofuatiliwa vilitapakaa, na kimo kile hakuna hewa ya kuviburuta kwa miaka mingi.

#20 MtuWaLikoni

Shukran. La mwisho: yale makombora ya kuteleza kwa kasi kubwa, SM-3 inayaweza?

#21 FundiChangamwe

Hapana. Hayo huteleza chini ya sakafu yake, yaani kimo cha chini kabisa inachoweza kugonga, ndani ya hewa. Ukilifungua jicho la infraredi pale kwa kasi hiyo, dirisha lake linawaka kwa msuguano na linaona joto lake lenyewe. Pia hugeuka njiani, kwa hiyo ile hesabu ya #1 ya kutabiri njia inakufa. Fungua uzi wake, tutakuja.